Ufunguo Umetundikwa Pembeni ya Kabati

SEHEMU YA 1



Wiki hii niliahidi tuendelee na chakula cha nyongeza kwa mtoto wa miezi sita. Mniwie radhi, uji utasubiri. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu na limemgusa mama mmoja anayesoma hapa. Siwezi kukaa naongelea uji kama vile hakuna kitu.

Wengine mnajua kipande cha habari. Mlipata ujumbe kutoka kwangu unaoomba hela. Haukuwa wangu. Leo nawaeleza ilivyotokea yote, pamoja na sehemu ambayo mimi mwenyewe nilikosea, halafu niwaambie cha kufanya kwenye kompyuta ya nyumbani kwenu. Someni mpaka mwisho, hata kama nyumbani laptopu ni ya baba na wewe huigusi. Hasa kama huigusi.

Ilikuwa Jumamosi. Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimelala. Naamka saa tisa alasiri nakuta simu 11 sikuzipokea. Ya kwanza ni ya wifi yangu. Nampigia, ananiambia, "Wifi, una shida gani kubwa hivyo ya kuomba hela kwa maandishi? Si ungepiga tu?" Nikamwambia sijaomba hela kwa mtu. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi kuna mtu anaongea kwa mdomo wako."

Najaribu kufungua ukurasa wangu, nywila imekataliwa. Naingia kwenye imeili ili nibadilishe nywila, nayo imekataliwa. Hapo ndipo nilipokaa kitandani. Maana imeili ndiyo mlango wa nyuma wa kila kitu. Ukisahau nywila ya mahali popote, wanakutumia njia ya kuingia kupitia imeili. Aliyeishika imeili ameshika nyumba nzima.

Ilinichukua siku mbili kurudishiwa akaunti zangu. Kwa siku hizo mbili mtu mmoja aliandika kama mimi. Wengi wenu mlimshtukia, na mmoja alinichekesha hata katikati ya machozi. Alimjibu, "Nesi wetu hajawahi kuandika sentensi bila kutuuliza mtoto amelalaje."

Ila mama mmoja hakushtuka, na sababu yake naielewa kabisa. Mtoto wake ana miezi mitano. Wiki mbili kabla alinitumia picha ya upele shingoni mwa mtoto, nikamwambia ni wa joto, amkaushe vizuri kwenye mikunjo, na ukizidi ampeleke kituo cha afya. Yule mwizi alisoma mazungumzo yetu yote. Akamwandikia: "Mama, ule upele nimeuonyesha kwa daktari, anasema si wa kawaida. Dawa ipo, elfu themanini, tuma leo." Mama akauliza mbona namba ina jina la mtu mwingine. Akajibiwa ni ya mfamasia.

Alikopa kwenye kikoba. Akatuma. Usiku ule alilala amemkumbatia mtoto akisubiri dawa ambayo haipo, ya ugonjwa ambao haupo.

Hela inauma, lakini huo usiku wake unaniuma zaidi.


SEHEMU YA 2

Sasa nisikilizeni ninavyojiumbua.

Wiki mbili kabla ya hapo laptopu yetu ilikuwa kwa fundi. Kibodi ilikuwa imemwagikiwa chai na mdogo wangu wa mwisho. Nilimwachia fundi kompyuta pamoja na kikaratasi nimekigundisha juu ya mfuniko, nimeandika nywila ya kuwashia. Ninyi wenyewe mnajua tunavyofanya.

Kwa hiyo nilipodukuliwa sikuwaza mara mbili. Jumatatu nikaenda dukani kwake. Wateja wamekaa pale, mama wa vocha yuko mlangoni. Nikamwambia mbele ya watu kwamba amechukua nywila zangu. Neno "mwizi" sikulitamka, lakini kila aliyekuwa pale alilisikia.

Yule kijana hakupandisha sauti. Akasema, "Sista, kaa kwanza. Nikuonyeshe kitu." Akaiwasha laptopu yangu, akafungua brauza, akaenda kwenye mipangilio, akabofya mara mbili tatu. Ikatokea orodha ndefu: imeili yangu, ukurasa huu, akaunti ya shule ya watoto, ya king'amuzi, ya benki ya baba watoto. Pembeni ya kila moja kuna vidoti, na mwisho wa mstari kuna alama ya jicho. Akabofya jicho. Kompyuta ikaomba nywila ya kuwashia, ileile niliyoigundisha kwenye mfuniko. Akaiandika. Vidoti vikageuka maandishi.

Mama zangu, nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Jina la mwanangu na mwaka wake wa kuzaliwa, limetumika mahali saba.

Akaniambia, "Sista, ningetaka ningechukua siku ile ile. Ila hawa wa kwako sidhani kama walikaa mbele ya kompyuta." Akafungua folda ya vitu vilivyopakuliwa. Alhamisi usiku, siku mbili kabla ya Jumamosi ile, kuna faili la gemu. Gemu la kulipia, lakini hili limechukuliwa sehemu wanakoligawa bure. Ndani yake kuna maelekezo: zima antivirasi kwanza, halafu bofya. Alipoiwasha antivirasi na kukagua, ikalitaja faili lile kuwa ni programu ya kuiba nywila.

Nikarudi nyumbani nikamuuliza mwanangu mkubwa. Ana miaka 14. Hakuficha. "Mama, iliandikwa uzime antivirasi ndiyo lifanye kazi. Nikabofya, hakikutokea kitu, nikaacha."

Hakikutokea kitu. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi. Hazipigi kelele, haziandiki kwa rangi nyekundu kwenye kioo. Zinaingia, zinabeba, zinatoka. Mtoto anadhani gemu ni bovu, anakwenda kulala.


SEHEMU YA 3

Swali nililomuuliza fundi, na ambalo huenda nawe unalo: hivi brauza inapouliza "nikutunzie nywila?" nami nikakubali, inaitunza wapi? Si ina usalama?

Nitajibu kwa lugha ya wodini.

Wodini kuna kabati la dawa kali kama mofini na pethidini. Kabati lina kufuli, na muuguzi aliye zamu ndiye anayetembea na ufunguo mwilini. Zamu zikibadilishana, dawa zinahesabiwa, ufunguo unakabidhiwa mkono kwa mkono. Sasa fikiria wodi ambayo kabati lina kufuli zuri la chuma, lakini ufunguo umetundikwa kwenye msumari pembeni yake ili asisumbuke mtu. Aliye nje ya wodi haoni kitu. Aliyeingia ndani, awe daktari, mfagizi au mgeni wa kumsalimia mgonjwa, ananyoosha mkono tu.

Programu nyingi za kompyuta zimetunza nywila zetu namna hiyo. Na kuna zilizokuwa hazina hata kufuli.

Kuna programu inaitwa FileZilla, wanaitumia watu wa tovuti kupandisha mafaili. Kwa miaka mingi ilikuwa inaandika nywila ndani ya faili la kawaida kwenye kompyuta ya mtumiaji. Hata ilipoanza kuziandika kwa herufi zinazoonekana za ajabu, ilikuwa ni kubadilisha mwandiko tu; yeyote anaweza kuzirudisha kwa sekunde moja. Watumiaji walilalamika sana, na mwaka 2017 ndipo ikawekwa njia ya kuzifunga kwa nywila kuu. Kuna nyingine ya kuchati, Pidgin, nayo iliweka nywila wazi kwenye faili, na watengenezaji wake walilisema waziwazi: ni afadhali mtu ajue kabati liko wazi kuliko tumwekee kufuli la maonyesho akatulia.

Hoja yao ina ukweli ndani yake, na ukiielewa utaelewa mambo yote haya. Tovuti inayojali usalama haihitaji kutunza nywila yako yenyewe. Inaisaga, kama mahindi mashineni, inatunza unga. Ukija kesho unaleta mahindi yako, inasaga tena, inalinganisha unga na unga. Mwizi akiiba unga hawezi kuurudisha kuwa mahindi, atabaki kubahatisha. Lakini brauza ya kwako inatakiwa kukuandikia nywila yenyewe, mahindi mazimamazima, kila unapofungua tovuti. Haiwezi kusaga. Lazima itunze kitu kinachoweza kufunguliwa. Na kama inaweza kukifungua bila kukuuliza wewe chochote, basi ufunguo nao umo humohumo ndani ya kompyuta.

Kwa Chrome kwenye Windows, nywila hazikai wazi, zimefungwa. Ila kwa miaka mingi ufunguo wake ulifungamana na kule kuingia kwako kwenye kompyuta. Ukishaingia, programu yoyote inayoendeshwa kwa jina lako inaweza kuiomba Windows ifungue, na Windows inafungua. Haiwezi kutofautisha brauza na gemu la mwanangu, maana vyote vimekuja kwa jina la mama.

Mwaka 2013 mtaalamu mmoja wa programu, Elliott Kember, alilalamika hadharani kwamba kwenye Chrome mtu akikaa tu mbele ya kompyuta yako anaziona nywila zote bila kuulizwa chochote. Mkuu wa usalama wa Chrome wakati huo, Justin Schuh, alijibu kwamba mtu mbaya akishaingia kwenye akaunti yako ya kompyuta, mambo yamekwisha, na hakutaka kuwapa watu matumaini ya uongo. Baadaye Chrome ikaanza kuuliza nywila ya kompyuta kabla ya kuonyesha. Hilo ndilo swali alilojibu fundi kwa kikaratasi changu. Lakini swali hilo anaulizwa mtu aliyekaa kwenye kiti. Programu iliyo ndani haipiti mlango huo.

Julai 2024, kwenye Chrome 127, Google wakaongeza kufuli jingine kwa Windows, la kuufunga ufunguo na brauza yenyewe. Walianza na vidakuzi, zile alama ndogo brauza inazotunza ili usiulizwe nywila kila dakika. Ni hatua nzuri. Hata hivyo, haikupita miezi mingi wezi wakapata njia za kuizunguka. Oktoba mwaka huohuo polisi wa Uholanzi, pamoja na FBI na wenzao wa nchi nyingine, walizima mitambo ya programu mbili za wizi wa aina hii, RedLine na META. Wanazima hizi, wengine wanatengeneza nyingine.

Na hao vidakuzi msiwadharau. Ni kama kile kitambulisho cha mgeni pale getini hospitali. Ukishakivaa, mlinzi hakuulizi tena. Mwizi akikiiba hana haja hata ya nywila yako. Ndiyo maana kubadilisha nywila peke yake hakutoshi.


SEHEMU YA 4

Haya, kazi. Fanyeni kwa mpangilio huu, mnaweza kugawana na baba jioni moja.

Moja. Watoto wawe na akaunti yao kwenye kompyuta, isiyo na mamlaka ya kusakinisha programu. Kwenye Windows inawezekana bila kulipa chochote. Wakibofya kitu kibaya, kinaanzia kwa jina lao, si kwa jina lako, na nywila zako haziko upande wao. Si ukuta wa zege, lakini ni ukuta. Na usimpe mtoto nywila ya akaunti yako "kwa mara moja tu".

Mbili. Fungua orodha ya nywila zilizotunzwa kwenye brauza, uione kwa macho yako. Wengi wetu hatujui tumetunza nini. Futa ya imeili, ya benki na ya ukurasa wowote unaotumia kwa kazi. Hizo zitoke humo leo.

Tatu. Kama unatumia Firefox, kuna kitu kinaitwa nywila kuu. Haijiwashi yenyewe, uiwashe wewe kwenye mipangilio. Ukiiwasha, ufunguo hautundikwi tena msumarini, unakaa kichwani mwako. Au tumia programu maalumu ya kutunza nywila, kama Bitwarden au KeePass, ambayo nayo ina nywila kuu yake. Iwe ndefu, maneno manne matano yasiyohusiana, na jina la mtoto lisiwemo. Lakini tusidanganyane: ukishafungua kabati na mwizi tayari yumo ndani ya chumba, ataona. Kwa hiyo nywila kuu haifuti hatua ya kwanza.

Nne. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye imeili kabla ya kitu kingine chochote. Mtu akipata nywila, bado atadaiwa namba inayokuja kwenye simu yako. Namba hiyo usimpe mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kwenye mtandao wa simu.

Tano. Daftari la karatasi si ushamba. Mama mmoja aliniambia kwa aibu kwamba anaandika nywila kwenye daftari analofungia kabatini na vyeti vya watoto. Nikamwambia, mama, gemu la bure haliwezi kusoma daftari lako. Liwe limefungiwa tu, lisikae juu ya meza.

Sita. Kompyuta ikienda kwa fundi, kama tatizo ni kibodi au kioo, mtengenezee akaunti ya wageni. Ukiuza au kugawa kompyuta, ifutwe yote kwanza, si kufuta picha peke yake.

Saba. Ukishadukuliwa, usibadilishe nywila ukiwa kwenye kompyuta ileile. Utakuwa unamkabidhi mwizi nywila mpya. Tumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama. Anza na imeili, halafu benki, halafu mitandao. Kila mahali tafuta sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia, uvitoe, ili kile kitambulisho cha mgeni kife. Kisha kompyuta isafishwe, ikibidi Windows iwekwe upya. Pigia ndugu na marafiki kwa sauti yako, uwaambie. Na kwa walio Tanzania, namba ya simu ya tapeli iripotiwe kupitia 15040, na ukienda polisi uende na ujumbe wenyewe, usiufute kwa hasira.


SEHEMU YA 5

Nimalizie na watu watatu.

Wa kwanza ni yule mama. Nilimpigia, nikaenda mpaka kwake. Nilimrudishia ile elfu themanini. Alikataa kwanza, akasema si mimi niliyemwibia. Nikamwambia, mlango uliotumika ni wangu. Akapokea, akapeleka kikoba. Mtoto hajambo, upele ulishaisha zamani. Lakini aliniambia neno moja ambalo natembea nalo: "Nesi, sikuamini kwa sababu ya jina lako. Niliamini kwa sababu alijua habari za mwanangu."

Kwa hiyo kuanzia sasa msinitumie picha za watoto humu. Zote zilizokuwepo nimezifuta. Mtoto wako anastahili siri yake hata akiwa na miezi mitano, na mimi niliapa kuitunza tangu chuoni. Ukiwa na wasiwasi na mtoto, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, aonwe kwa macho na kushikwa kwa mikono. Na sitakuomba hela kamwe. Siuzi dawa. Ukipata ujumbe wangu unaotaja hela, hata ukitaja jina la mwanao na upele wake, si mimi.

Wa pili ni fundi. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo kumwomba msamaha kwa simu kusingetosha. Nilikwenda saa ileile ya wateja, mama wa vocha akiwa mlangoni, nikasema kwa sauti kwamba nilimsingizia na ninaomba radhi. Akacheka, akasema, "Yameisha, sista." Lakini nilimwona mabega yakishuka. Huenda kuna wateja walikuwa wameanza kupita njia nyingine. Tukiibiwa, mkono wetu unamtafuta aliye karibu na asiye na cheo: fundi, dada wa kazi, kijana wa jirani. Tuuzuie kwanza huo mkono, tuangalie.

Wa tatu ni mwanangu. Hakula siku ile. Alijua bila kuambiwa. Usiku nilimwita jikoni, nikamwambia kosa lake ni la mtoto wa miaka 14 aliyetaka gemu. La kwangu ni la mtu mzima aliyeweka imeili, benki na siri za watoto wa wenzake kwenye akaunti moja na gemu hilo. Tukakaa pamoja tukatengeneza akaunti yake. Akachagua nywila yake mwenyewe, akageuza kioo ili nisione. Nikatazama pembeni.

Wodini hatumwachii mtu ufunguo eti kwa sababu ni mwema. Tunautunza ili hata mwema asije akashukiwa. Nyumbani nilisahau hilo.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji, naahidi. Leo, kabla hujalala, fungua ile orodha ya nywila, uone kilichomo. Halafu mbusu mtoto, mkalale.